Wingi wa Maneno Si Wingi wa Akili

Ziko fikra ambazo mkoloni alizipanda katika nchi yetu kisha akaondoka, nazo zikaendelea kumea bila ya kumwagiliwa maji. Mojawapo ni ile isemayo kwamba Kiingereza ni lugha ya akili kwa kuwa kina maneno mengi yanayokaribiana maana, na kila neno lina pahali pake maalumu. Ilhali Kiswahili ni lugha ya soko na mazungumzo tu, yenye neno moja kwa mambo matatu. Fikra hii husikika katika vyumba vya walimu, katika mabaraza ya wasomi, na vinywani mwa wazazi wanaowachagulia watoto wao shule. Ushahidi wake huletwa upesi. Mwingereza, twaambiwa, hupambanua "freedom", "liberty" na "independence", na sisi tuna "uhuru" tu. Hupambanua "house" na "home", na sisi tuna "nyumba". Hupambanua "ask", "question" na "interrogate", na sisi twauliza basi. Kisha hukumu hutolewa: anayetaka kufikiri kwa makini sharti afikiri kwa Kiingereza.

Sisi twaipinga hukumu hiyo, na twaipinga kwa sababu madhara yake hayaishii katika maneno. Mwanafunzi anayeamini kwamba lugha yake haiwezi kupambanua mambo huacha kuitumia kwa kazi hiyo. Hukariri tofauti za Kiingereza asizozielewa, na huzisahau tofauti za Kiswahili alizozikuta nyumbani. Mwishowe hubaki na lugha mbili nusu nusu: ya kigeni hajaipata, na ya kwake ameitupa. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Tueleweke vizuri tangu mwanzo. Hatusemi kwamba Kiingereza kisifundishwe, wala hatusemi kwamba tofauti za maneno yake ni upuuzi. Anayejifunza lugha ya watu hana budi kuijua kama wenyewe waijuavyo. Tunalosema ni kwamba tofauti hizo zina historia, na mwalimu anayezifundisha bila ya historia yake hafundishi lugha, bali anafundisha ibada.

Tofauti hizo zilitoka wapi?

Katika karne ya 5 makabila ya Waanglo na Wasaksoni yalivuka bahari kutoka bara la Ulaya yakaingia katika kisiwa cha Uingereza. Lugha yao ndiyo shina la Kiingereza. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 walifuata watu wa Skandinavia, kwanza kwa uharamia, kisha kwa kufanya makazi. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandi huko Ufaransa, aliishinda nchi hiyo vitani na kujifanya mfalme wake. Tangu siku hiyo, kwa muda wa miaka ipatayo 300, Uingereza ilikuwa nchi ambayo wakuu wake walisema Kifaransa, makasisi wake waliandika Kilatini, na wakulima wake walisema Kiingereza. Hadi Henry IV alipotawazwa mwaka 1399, hapakuwa na mfalme hata mmoja tangu uvamizi huo ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya kwanza.

Kwa maneno mengine, Waingereza nao walitawaliwa. Na maneno mengi yanayokaribiana, ambayo leo twaonyeshwa kama dalili ya akili kubwa, ni makovu ya utawala huo. Mchunga ng'ombe alimwita mnyama wake "ox". Bwana aliyekula nyama yake aliiita "beef". Kondoo akiwa malishoni aliitwa "sheep". Alipofika mezani aliitwa "mutton". Nguruwe akiwa zizini aliitwa "pig" au "swine". Nyama yake ikaitwa "pork". Maneno ya kwanza ni ya wenyeji waliofanya kazi, na ya pili yametoka katika Kifaransa cha waliokula. Mgawanyo huo haukukamilika kwa siku moja, maana kwa karne kadhaa neno "beef" liliweza kumtaja hata ng'ombe mwenyewe. Lakini ulikamilika, nao ukaacha alama ya nani alikuwa bwana na nani mtwana.

Tazameni pia kilichompata mwenyeji wakati neno geni lilipobisha hodi. Zamani "stool" lilikuwa neno la kiti chochote, hata kiti cha enzi cha mfalme. Likaja "chair" kutoka Kifaransa, likakalia pahali pa heshima, na "stool" likasukumwa chini mpaka likawa kigoda. Neno "deer" lilimaanisha mnyama yeyote. Yalipokuja "beast" na "animal" likabanwa, likabaki na mnyama mmoja tu wa mwituni jamii ya paa. Hakuna mwenye hekima aliyekaa chini akapanga tofauti hizi. Zilitokea kwa sababu maneno mawili yalikutana katika kazi moja, na moja likalazimika kusogea.

Hali ni hiyo hiyo kwa yale matatu tuliyoyataja. "Ask" ni neno la wenyeji, "question" ni la Kifaransa, na "interrogate" limechotwa katika Kilatini. La kwanza hutumiwa nyumbani, la pili hubeba shaka au madai, na la tatu hutumiwa na askari anayehoji. Ngazi hizo tatu ni ngazi za jamii iliyokuwa na mkulima chini, bwana katikati, na kasisi msomi juu. Nasi tukiulizwa kama kweli "twauliza basi", tujibu kwamba tuna kuuliza, kuhoji, kusaili na kudadisi, na kwamba polisi, mwajiri na mwana mtundu hawafanyi kazi moja.

Lugha iliyodharauliwa kwao

Wapo watakaosema: hayo ni ya kale, lakini Kiingereza tangu hapo kilikuwa na nguvu zake. Historia haikubali. Mwaka 1362 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuagiza mashauri mahakamani yanenwe kwa Kiingereza, kwa sababu raia hawakuelewa Kifaransa kilichotumiwa kuwahukumu. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Hata baada ya hapo kumbukumbu za mahakama ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini, na matumizi hayo yalikomeshwa mwaka 1733 tu. Wanasheria, kwa kuogopa kukosea, walizoea kuweka neno la wenyeji na la wageni pamoja: "will and testament" kwa wosia mmoja, "goods and chattels" kwa mali ile ile. Huu ulikuwa woga wa watu waliokuwa wakiishi katika lugha tatu, ambao leo huitwa umakini.

William Caxton, aliyeanzisha uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476, alieleza katika dibaji ya kitabu chake cha mwaka 1490 kisa cha wafanyabiashara waliokwama pwani ya Kent wakaenda kutafuta chakula. Mmoja aliomba mayai kwa neno "egges", lililotokana na lugha ya Skandinavia. Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mgeni akakasirika, maana naye hakukijua Kifaransa. Hata mwenzake alipotaja "eyren", neno la zamani la wenyeji, ndipo mama yule akaelewa. Basi lugha ambayo leo twaambiwa imekamilika tangu asili ilikuwa, zaidi ya miaka 500 iliyopita, haijaafikiana hata juu ya jina la yai.

Wasomi wa Uingereza nao waliionea haya lugha yao. Thomas More aliandika kitabu chake mashuhuri cha "Utopia" kwa Kilatini, kikachapwa mwaka 1516. John Wallis alipotunga sarufi ya Kiingereza mwaka 1653, aliitunga kwa Kilatini. Isaac Newton alichapisha kazi yake kuu juu ya mwendo na mvutano wa vitu mwaka 1687 kwa Kilatini. Lakini mwaka 1704 alichapisha kitabu chake juu ya nuru kwa Kiingereza. Katika miaka hiyo 17 haukushuka muujiza juu ya Kiingereza. Wasomi walikuwa wakikizoeza kufanya kazi ya sayansi, nacho kikaizoea.

Na hata zile kanuni ambazo mwanafunzi wetu hukatwa alama kwa ajili yake, nyingine zina mtu aliyezitunga na mwaka wake. Kanuni ya lini useme "shall" na lini useme "will" iliwekwa na huyo Wallis. Kanuni ya kwamba "less" haifai kwa vitu vinavyohesabika, bali itumiwe "fewer", inatokana na pendekezo la Robert Baker la mwaka 1770, ilhali Waingereza walikuwa wamekwisha kuitumia "less" kwa vitu vya kuhesabika kwa mamia ya miaka. Mwanafunzi na azifuate kanuni hizo katika mtihani. Lakini asidhani kwamba zimeandikwa mbinguni, na asidhani kwamba anayezikosa amekosa akili.

Pwani yetu nayo ilipokea wageni

Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo, juu ya maji ya Bahari ya Hindi. Shina lake ni la Kibantu. Biashara na dini viliingiza maneno ya Kiarabu. Wafanyabiashara wa Bara Hindi, Waajemi, Wareno, Wajerumani na Waingereza nao waliacha yao. Matokeo ni ngazi kama zile za Kiingereza. Tuna mganga, tabibu na daktari: la kwanza la Kibantu, la pili la Kiarabu, la tatu la Ulaya. Tuna chuo, madrasa, shule na skuli. Na hapo "shule" tulipewa na Wajerumani, na "skuli" yenye kutumika Zanzibar ilitoka kwa Waingereza. Tuna kufa na kufariki. Mbuzi hufa, wala hakuna aliyemsikia Mswahili akisema kwamba mbuzi wake amefariki.

Kwa hiyo anayesifu Kiingereza kwa "kingly", "royal" na "regal", ilhali hajapata kujiuliza mganga, tabibu na daktari wanatofautianaje, ni kama mtu anayestaajabia dari ya jirani bila ya kuinua macho kutazama yake.

Lakini hapa pana onyo. Kama "stool" lilivyoshushwa na "chair", ndivyo "mganga" alivyoshushwa na "daktari". Zamani mganga alikuwa mtu yeyote mwenye elimu ya kutibu. Serikali yetu bado huhifadhi heshima hiyo, maana tunaye Mganga Mkuu wa Serikali, na kila mkoa una Mganga Mkuu wake, nao ni madaktari waliosomea. Ila katika mazungumzo ya kila siku neno hilo limesukumwa msituni, likabandikwa sifa ya "kienyeji". Na hiyo "kienyeji" yenyewe, ambayo haina maana nyingine ila ya wenyeji, yaani yetu, imegeuka kuwa jina la kila kilicho duni: dawa ya kienyeji, pombe ya kienyeji, mambo ya kienyeji. Ni kuku peke yake aliyejikomboa. Kuku wa kienyeji siku hizi hutafutwa na kulipiwa zaidi. Tusingoje kila neno letu lipate bei sokoni ndipo tuliheshimu.

Turudi kwenye "uhuru". Ni kweli kwamba "freedom" huchukua maana pana ya kutofungwa, "liberty" aghalabu huelekea haki za mtu mbele ya sheria na dola, na "independence" ni hali ya kutokuwa chini ya mwingine. Lakini je, hatuna la kusema zaidi ya neno moja? Tuna uungwana, yaani hali ya asiyekuwa mtumwa, ambayo baadaye ilichukua pia maana ya tabia njema. Tuna hiari, uhuru wa kuchagua. Tuna ukombozi, tendo la kuupata uhuru. Tuna kujitawala, na tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 kujitegemea kumekuwa neno lenye uzito wake wa kisiasa. Tarehe 9 Desemba 1961 wananchi wa Tanganyika walipoimba "uhuru", hapakuwa na mkulima aliyedhani kwamba wanasherehekea hiari ya kuchagua shati. Maana ilikuwa wazi kwa sababu watu walijua walichokuwa wakikidai.

Mwalimu Julius Nyerere aliwafundisha wengi jambo hili kwa vitendo. Alipofasiri tamthilia ya Shakespeare iitwayo kwa Kiingereza "The Merchant of Venice", iliyotoka mwaka 1969, aliweza kuchagua mfanyabiashara, mchuuzi au tajiri. Akachagua "Mabepari wa Venisi". Bepari ni neno lenye asili ya Bara Hindi, ambako maana yake ni mfanyabiashara. Lakini kwetu lilikuwa limekwisha kuchukua maana ya mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine. Uchaguzi huo ni hukumu nzima juu ya mchezo ule. Mtu anaweza kuubishia, lakini hawezi kusema kwamba ulifanywa katika lugha isiyoweza kupambanua.

Kazi ndiyo inayozaa tofauti

Sasa yatupasa kuwapinga pia baadhi ya wenzetu walio upande wetu. Wako wapenzi wa Kiswahili ambao, wakisikia lugha yao ikitukanwa, hujibu kwa majivuno: Mwingereza ana "rice" moja, sisi tuna mpunga, mchele na wali; ana "coconut" moja, sisi tuna kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi; husema "wash", nasi tunafua nguo, tunaosha vyombo, tunanawa mikono, tunaoga mwili na tunatawadha kwa ajili ya sala; husema "carry", nasi twajitwika mtungi, twaeleka mtoto, twampakata mgeni mdogo na kufutika fedha. Yote ni kweli, na kila mwanafunzi ayajue. Lakini tukikomea hapo tumeingia katika kosa lile lile la kuhesabu maneno kama mtu anayehesabu fedha za jirani.

Swali la maana ni hili: kwa nini tofauti hizo zipo? Kuna mpunga, mchele na wali kwa kuwa watu wetu hulima, hutwanga na hupika. Aliyetumwa mchele akarudi na mpunga ameiacha nyumba nzima na njaa. Mkulima wa Kent hakuwa na mpunga shambani, basi hakuhitaji zaidi ya jina moja la kitu kilicholetwa na meli. Tofauti ya maneno huzaliwa pahali ambapo kukosea kuna hasara. Ni kazi inayoizaa, na inapokosa kazi hufa.

Kila lugha huchagua pa kuweka mpaka. Mwingereza husema "borrow" kwa anayepokea na "lend" kwa anayetoa. Yeye huangalia upande kitu kinakotoka. Sisi twaangalia kitakachorudi. Anayechukua jembe atarudisha jembe lile lile, basi ameazima. Anayechukua fedha au kibaba cha unga atavitumia na kulipa vingine mfano wake, basi amekopa. Upande wa mtoaji twauonyesha kwa mnyambuliko: kukopa na kukopesha. Ni nani kati ya hawa wawili aliye na akili zaidi? Hakuna. Ila mwanafunzi aliyeuona mpaka wa Kiswahili atauelewa upesi mpaka wa Kiingereza, na aliyefundishwa kuudharau wa kwake hatauona wowote.

Mfano mwingine utawafaa walimu. Wanafunzi wengi huhangaika na jozi kama "lie" na "lay", "sit" na "set", "fall" na "fell". Huambiwa wazikariri. Kumbe jozi hizo ni masalio ya kauli ya kutendesha. Zamani lugha za jamii ya Kiingereza zilikuwa na kiambishi cha kumfanyisha mtu tendo. Kiambishi kikafa, zikabaki jozi chache kama magofu ya mji wa kale. Kwetu mji huo bado unakaliwa. Mwanafunzi ajuaye lala na laza, keti na ketisha, anguka na angusha, amekwisha kuijua siri yote. "Fall" ni mti kuanguka; "fell" ni mtu kuuangusha. Mwalimu aliyekatazwa kutumia Kiswahili darasani amekatazwa kutumia taa iliyomo mkononi mwake.

Hasara za kutojua maana

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya vitabuni. Tazameni lugha ya mahakama. Mtu anayeshukiwa ni mtuhumiwa. Akifikishwa mahakamani na kusomewa shtaka ni mshtakiwa. Akiwekwa kizuizini kungoja kesi yake ni mahabusu. Akipatikana na hatia na kupewa kifungo ni mfungwa. Kati ya hatua hizo zimo haki zote za raia. Hata hivyo mara ngapi tumesoma kwamba "mhalifu amekamatwa", ilhali hakuna hakimu aliyemsikiliza? Mwandishi huyo labda hujua vizuri namna ya kupambanua "suspect", "accused" na "convict", kwa kuwa alikatwa alama kwa ajili yake shuleni. Maneno ya Kiswahili hakuna aliyemkata alama, basi anayatupa ovyo, na jirani zake mtu yule wamwona mwizi hata baada ya kuachiwa huru.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2021, sheria ya nchi ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Waingereza walichukua miaka 371 kutoka sheria yao ya 1362 mpaka Kilatini kuondoka mahakamani. Sisi tumeanza. Lakini sheria haiwezi kuipa jamii umakini ambao shule hazikuupanda. Wizi, unyang'anyi, uporaji na utapeli ni makosa mbalimbali. Kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia ni tofauti inayoweza kuamua uhai wa mtu. Hakimu, wakili, askari na shahidi watazipata wapi tofauti hizi, kama hazikufanyiwa mazoezi darasani?

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na ndugu Jackson Makweta ilipendekeza kipande hadi shule za sekondari na baadaye vyuo vikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufungua mlango tena, lakini masomo mengi ya sekondari yanaendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Wakati huo huo dunia imekuwa ikikipokea Kiswahili: mwaka 2019 nchi za SADC zilikifanya lugha yao rasmi ya nne, na mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ni ajabu iliyoje kukisherehekea Kiswahili mwezi wa Julai na kumwadhibu mtoto aliyekisema mwezi wa Agosti!

Wanaosema kwamba Kiswahili kingoje mpaka kipate maneno ya sayansi ndipo kifundishie sayansi, wanamtaka mtoto ajue kuogelea kabla ya kuingia majini. Newton hakungoja. Aliandika, na maneno yakapatikana. Kiswahili nacho kikipewa kazi ya kupambanua uzito na tungamo, joto na halijoto, mwendo na kasi, kitazipambanua. Na tayari vitabu vyetu vimeanza. Kikinyimwa kazi, maneno hayo yatabaki katika kamusi kama nguo za sanduku.

Linalotupasa

Kwa hiyo twawaomba walimu wa Kiingereza wafundishe tofauti za maneno yake kwa sentensi na historia, si kwa orodha tupu za kukariri. Wawaambie wanafunzi waziwazi kwamba "beef" ni neno la mtawala na "ox" ni neno la mchungaji, wala wasiwafiche kwamba Waingereza nao waliwahi kuambiwa lugha yao haifai. Mwanafunzi ajuaye hayo atajifunza Kiingereza bila ya kukipigia magoti.

Twawaomba walimu wa Kiswahili wasiwe walegevu kuliko wenzao. Mwanafunzi anayeandika "kuosha nguo" au "kuvunja kamba" asahihishwe kwa ukali ule ule anaosahihishwa akichanganya "economic" na "economical". Aulizwe tofauti ya aibu na fedheha, ya subira na uvumilivu, ya kuonya na kukemea, ya hekima, maarifa na ujuzi. Naye atoe mifano kutoka katika maisha ya watu wake. Asiyeweza kuzieleza tofauti hizo hajafaulu Kiswahili, hata kama amezaliwa ndani yake.

Na nyinyi wanafunzi, kazi iliyo kubwa ni yenu. Wako wazee katika vijiji na mitaa yenu wanaojua majina ambayo hayajaingia katika vitabu: ya samaki na pepo za bahari, ya hatua za ufinyanzi, ya aina za udongo, ya undugu na unasaba. Waendeeni mkiwa na kalamu. Waulizeni neno hili latofautianaje na lile, na kwa nini. Kisha leteni darasani mlichokipata, muwataabishe walimu wenu nacho. Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini anayeitafuta hana wa kumzuia, na lugha ya kuitafutia anayo tayari.